Kamba na Mkono Uishikao: Habari za Uokoaji katika Mlima wa Kilimanjaro

Wahenga walisema, "Aliye juu mngoje chini." Methali hii hutumiwa aghalabu kwa mtu aliyejikweza akawadharau wenziwe: asisumbuliwe, kwani siku ya kushuka kwake haina budi kufika. Ni methali nzuri, na hekima yake katika mambo ya ulimwengu haina shaka. Lakini yuko mtu mmoja ambaye haimfai hata kidogo, naye ni yule aliyevunjika mguu katika genge la mlima, au aliyezirai akining'inia katika mnara, au aliyetumbukia katika shimo refu. Kumngoja chini mtu huyu ni kuingoja maiti yake. Yapasa afuatwe aliko, na amfuataye awe na njia ya kufika, njia ya kumfunga, na njia ya kumshusha pasipo yeye mwenyewe kuwa maiti ya pili. Njia hiyo, tangu zamani hata leo, ni kamba.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi ufundi wa kuokoa watu kwa kamba ulivyofika katika Kilimanjaro na katika nchi zetu za jirani, na jinsi ulivyopita kutoka mkono hata mkono. Habari za mlima huu zimeandikwa mara nyingi, lakini karibu zote ni habari za kupanda: nani alitangulia, mwaka gani, kwa njia ipi. Habari za kushuka, na hasa za kuwashusha wasioweza kushuka wenyewe, zimeandikwa kidogo. Nami naona kwamba katika habari hizo za pili ndimo lilimo swali kubwa zaidi: ni mkono wa nani ulioshika kamba, na nani aliyefundishwa kuishika?

Kabla ya mgeni yeyote kufika na kamba yake, mlima ulikuwa na wenyewe. Wachagga walikuwa wamekaa katika mitelemko ya kusini na ya mashariki kwa karne nyingi, nao walikuwa mafundi wa kuishi mahali pa mteremko. Ushahidi ni mifereji yao ya maji, iitwayo mifongo, iliyochimbwa kutoka makorongo ya msituni, mingine ikipitishwa kando ya magenge, mpaka katika vihamba vya migomba. Mtu awezaye kupitisha maji mahali ambapo mbuzi hutafuta pa kukanyaga, hana haja ya kufundishwa na mgeni namna ya kusimama mahali pa juu. Lakini haja yake ilikuwa maji, kuni, asali na malisho. Haja ya kusimama juu ya barafu hakuwa nayo, na kwa hiyo ufundi wa kumtoa mtu katika barafu haukuwa katika elimu aliyorithi kwa baba zake.

Johannes Rebmann aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba una theluji, na wataalamu wa jiografia waliokaa London, ambao hawakuuona, wakambishia. Karl Klaus von der Decken alijaribu kuupanda mwaka 1861 na tena 1862, na Charles New akaifikia theluji mwaka 1871. Wote hawa walirudi kabla ya kilele. Aliyefika ni Hans Meyer wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili huko Salzburg. Walipita Marangu, wakapata msaada wa Mangi Marealle, wakapiga kambi yao ya juu katika tambarare iliyo kati ya Kibo na Mawenzi. Tarehe 3 Oktoba 1889 walifika ukingo wa shimo la Kibo, wakarudi kwa kuchoka na kwa kuchelewa. Tarehe 6 Oktoba, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40, walisimama juu ya kilele ambacho leo twajua kuwa kina mita 5,895.

Walipanda watu wawili wamefungwa kwa kamba moja, mmoja akichonga vidato katika barafu kwa shoka na mwingine akifuata. Chini yao, katika kambi ile ya baridi, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyetoka katika mji wa pwani wa majahazi na minazi akawa mlinzi wa moto na chakula chini ya barafu. Fikiri, msomaji, ingalikuwaje kama kidato kimoja kingalivunjika. Mwini Amani angalingoja chini, kama methali isemavyo, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Kamba na mashoka yalikuwa juu pamoja na wageni. Hatuwezi kuwalaumu sana, kwani wakati ule hata Ulaya kwenyewe kazi ya kuokoa watu milimani haikuwa na chama. Chama cha kwanza cha namna hiyo kiliundwa Vienna mwaka 1896, baada ya poromoko la theluji kuwaua watu watatu katika mlima wa Rax. Purtscheller mwenyewe, aliyerudi salama kutoka Kibo, alianguka katika milima ya Alps mwaka 1899 akaumia vibaya, na mwaka uliofuata akafariki. Mlima haumwogopi bingwa.

Tangu siku hizo kamba katika Kilimanjaro ilikuwa chombo cha kupandia, na mali ya mgeni. Mwenyeji alikuwa mpagazi, au kiongozi wa njia. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye katika maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989 alitambuliwa kuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa mlima huu, ni mfano wa watu hao walioijua njia kuliko yeyote, lakini ambao majina yao yalichelewa sana kuingia kitabuni. Kilele cha Mawenzi, chenye mita 5,149 na miamba mibovu inayobomoka mkononi, kiliwashinda Meyer na Purtscheller, nacho hakikupandwa mpaka mwaka 1912, na Eduard Oehler na Fritz Klute. Hapo mgawanyo wa kazi ulikuwa ule ule: mzigo kwa mwenyeji, kamba kwa mgeni.

Madhara ya mgawanyo huo yalionekana kila ilipotokea ajali kubwa. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya Dakota ya shirika la East African Airways, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mitelemko ya Mawenzi, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Siku kadhaa zilipita kabla ya mabaki yake kuonekana. Hapakuwa na mtu wa kuokolewa katika ajali ile, lakini ilifunza jambo. Mlima ulikuwa haupo tena njiani kwa wapandaji peke yao. Ulisimama katika njia ya watu waliokuwa wakisafiri kwa shughuli zao, nao haukuwa na kikosi cha kudumu cha kwenda kuwatafuta.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ilianzishwa Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima huu huu, shule ya mlimani ya Outward Bound, ambapo vijana wa Afrika Mashariki walifundishwa kupanda, kusafiri porini, kufunga kamba na kutunzana. Asili ya shule hizo yastahili kukumbukwa. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1941 huko Aberdovey, katika Wales, na Kurt Hahn akisaidiana na Lawrence Holt, mwenye meli. Ilikuwa wakati wa vita, na nia mojawapo ilikuwa kuwazoeza mabaharia vijana, wapate moyo na maarifa ya kuokoka merikebu zao zikizamishwa. Jina lenyewe ni neno la chombo kiachacho bandari. Hivyo elimu iliyofika katika mitelemko ya Kilimanjaro ilikuwa imeanza baharini. Hili si jambo geni kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili, na nitalirudia mbele.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya kilele, na kilele kikaitwa Uhuru. Kwa habari za kupanda, hiyo ilikuwa tamati njema: mwenyeji alisimama juu kwa jina lake. Kwa habari za kuokoa, kazi ilikuwa ndiyo kwanza yaanza, na somo lililoiharakisha lilitokea katika mlima wa jirani.

Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili Waaustria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian katika Mlima Kenya. Jiwe lililong'oka lilimwangusha Judmaier, na mguu wake ukavunjika hata mfupa ukatokeza. Oelz aliizuia kamba kwa mikono yake, akamfunga mwenziwe mahali pa kulala, kisha akateremka peke yake kuomba msaada. Wapandaji wa chama cha mlima cha Kenya walikwenda juu mara moja, wakampelekea dawa na chakula, wakajaribu kumteremsha katika baridi na mvua ya theluji. Helikopta iliyotumwa kuwasaidia ilianguka, na rubani wake, Jim Hastings, akafa. Mwishowe waokoaji waliruka kwa ndege kutoka Austria, wakapanda, wakamshusha. Alikuwa amekaa katika mwamba zaidi ya wiki moja, naye akapona.

Habari hii husimuliwa kama habari ya ushujaa, na ndivyo ilivyo. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza swali la pili. Kwa nini mtu aliyeangukia Kenya alingojea mafundi kutoka upande wa pili wa dunia? Si kwa sababu waliokuwa Kenya walikosa moyo, maana walipanda usiku na mchana. Walikuwa wachache, na kamba zao na vyombo vyao vilikuwa vya kupandia, si vya kumshusha mtu aliyelala katika machela kupita magenge ya mamia ya mita. Kuokoa ni ufundi mbali na kupanda. Bingwa wa kupanda aweza kuwa mwanafunzi wa kuokoa.

Somo hilo halikupotea. Baada ya ajali ile askari wa hifadhi ya Mlima Kenya walifundishwa kazi ya uokoaji wa mlimani, na matunda yalionekana upesi. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge, mmoja wa askari hao, alipanda pamoja na mkuu wake, Phil Snyder, ule mfereji mkali wa barafu ulio kati ya Batian na Nelion uitwao Diamond Couloir, ambao hakuna aliyeutangulia. Hapo kwa mara ya kwanza twaona mtu aliyepewa kamba kwa kazi ya kuokoa akawa miongoni mwa mabingwa wa kupanda.

Upande wa Kilimanjaro mambo yalikwenda sambamba. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na kwa hiyo aliyeteremshwa akiwa hai alikuwa na mahali pa kupelekwa. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni 1977. Mwanzoni mwa mwaka 1978 jaribio kali lilifika. Wamarekani wawili, Rob Taylor na Henry Barber, walikuwa katika ule ukuta mkubwa wa kusini magharibi ya Kibo, ambao una barafu inayoning'inia kama ulimi. Barafu ilivunjika, Taylor akaanguka, na kifundo cha mguu wake kikavunjika. Mwenziwe alimshusha kwa kamba hatua kwa hatua, akamwacha mahali pa kujisitiri, akaenda kutafuta msaada. Taylor alingoja peke yake siku kadhaa kabla ya kufikiwa na kuteremshwa, naye akaandika kitabu juu ya mambo hayo, kilichotoka mwaka 1981. Ukuta ule ule ulipandwa na Reinhold Messner na Konrad Renzler tarehe 31 Januari 1978, na ulimwengu wa wapandaji haujaacha kuitaja siku hiyo. Wale waliombeba mtu aliyevunjika mguu kupita mawe, matope na msitu hawatajwi.

Yafaa sasa tuseme kwa ufupi ufundi wenyewe una nini ndani yake, ili msomaji aone kwa nini haupatikani kwa moyo mwema peke yake.

Jambo la kwanza ni nanga, yaani kitu kishikacho kamba: mwamba mzima, mti ulio hai, au vyuma vilivyopigwa katika ufa. Mwanafunzi hufundishwa kutoamini nanga moja, bali kugawanya uzito kwa mbili au tatu. Lakini hata hapo pana hesabu. Kamba mbili zikitoka katika nanga mbili na kukutana katika mzigo, zikiwa karibu karibu kila moja huchukua kadiri ya nusu ya uzito. Zikitanuliwa hata pembe iliyo kati yake ikawa digrii 120, kila moja huchukua uzito mzima. Na zikizidi kutanuliwa, kila moja huchukua kupita uzito wenyewe. Mtu asiyejua hesabu hii hudhani ameongeza usalama, kumbe ameupunguza.

La pili ni kwamba uhai wa mtu haufungwi kwa kamba moja. Moja huchukua mzigo, na ya pili hufuata ikiwa tayari, imeshikwa na mtu mwingine na nanga nyingine, ili ya kwanza ikikatika ya pili iudake mzigo. "Kamba hukatikia pabovu," na pabovu pa kamba aghalabu ni pale inapokwaruza ncha ya jiwe. Kwa hiyo kabla ya kushusha mtu, ncha hiyo hutandikwa kitambaa kizito au vigurudumu.

La tatu ni kuinua. Tuseme mgonjwa, mwokoaji aliye kando yake, na machela pamoja ni kilo 180. Kwa mikono mitupu si kazi ya watu wachache. Lakini kamba ikipitishwa katika makapi hata nyuzi tatu zikauvuta mzigo, wavutaji huvuta theluthi tu, yaani kilo 60, pamoja na nguvu inayopotea kwa msuguano. Nao hulipa kwa urefu, kwa kuwa huvuta mita tatu ili mzigo upande mita moja. Kamba zenyewe zimebadilika. Ya Meyer na Purtscheller ilikuwa ya nyuzi za mimea. Ya leo ni ya nailoni, yenye kiini ndani na gamba la kusuka nje, namna iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1953. Lakini kuna mafundo yasiyochakaa. Moja lina jina la Karl Prusik, Mwaustria aliyelitangaza mwaka 1931: uzi mwembamba uliozungushwa katika kamba nene, usioteleza ukivutwa, na unaosogea ukilegezwa. Uzi wa mkono mmoja waweza kumzuia mtu na mauti.

La nne ni haraka. Mtu aliyezirai akining'inia katika mikanda yake, bila kusogeza miguu, damu yake hukusanyika chini, naye aweza kufa pasipo jeraha lolote. Kwa hiyo mwokoaji hana saa nyingi za kukumbuka fundo aliloonyeshwa mwaka jana. Mikono yake iwe imelizoea hata alifunge gizani, kwa baridi, amevaa glovu. Elimu hii ni kama kuogelea: hupatikana kwa kurudiwa.

Ni haki kukiri kwamba katika Kilimanjaro wengi wanaookolewa hawaokolewi kwa kamba. Ugonjwa wa kimo ndio adui mkubwa. Katika kilele cha Uhuru mgandamizo wa hewa ni kadiri ya nusu tu ya ule wa pwani, na dawa iliyo bora kuliko zote ni kumteremsha mgonjwa upesi. Kazi hiyo hufanywa na miguu na mabega ya watu, na kwa ile machela ya gurudumu moja ambayo kila aliyepita njia ya Marangu ameiona, watu wakiikimbiza mtelemkoni wameishika huku na huku. Siku hizi helikopta hufika, na tangu mwaka 2022 intaneti imefikishwa mlimani hata Horombo, na habari ya ajali huweza kushuka upesi kuliko zamani. Lakini hewa nyepesi huipunguzia helikopta nguvu, na mawingu huifunga njia. Na helikopta haiwezi kutua ubavuni mwa genge. Mahali hapo kamba haina badala.

Tena mahali hapo panaongezeka. Barafu ya Kibo imepungua sana. Wapimaji wameona kwamba sehemu kama 85 katika kila 100 za ile iliyokuwapo mwaka 1912 zilikuwa zimekwisha kabla ya mwaka 2010. Barafu ni baridi, lakini ni udongo wa kuungia mawe. Ikiondoka, mawe iliyoyashika hubaki hayana mshiko. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya magharibi, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakawaua Wamarekani watatu na kuwajeruhi wengine. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena baadaye. Mlima ulio mbele ya waokoaji wa leo si ule aliouchonga Purtscheller vidato.

Wala haja ya ufundi huu haiishii mlimani. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilitungwa mwaka 2007, na kwa sheria hiyo kuokoa ni wajibu wa jeshi hilo pamoja na kuzima moto. Minara ya simu, majumba marefu, visima na machimbo vyote humweka mtu juu au chini pasipofikika kwa ngazi. Hata maji yana kamba zake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, na katika watu 43 wakafa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Mmoja wao, kijana Jackson Majaliwa, alisaidia kufungua mlango wa nyuma na watu wakatoka. Kisha, kama alivyosimulia mwenyewe, alipojaribu kuwafikia marubani, kamba ilikatika ikampiga usoni, akazirai. Taifa lilimshukuru, na nafasi ikatolewa kwake katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa haki. Lakini katika habari yake yote mawili yamo. Wa kwanza kufika ni mtu wa karibu, si mtu wa mbali. Na mtu wa karibu huja na moyo na kamba, lakini si lazima awe amepata mafunzo. Kamba hiyo hiyo yaweza kumpiga.

Katika Kilimanjaro mtu wa karibu ni mpagazi. Makumi ya maelfu ya watu huupanda mlima huu kila mwaka, na kila kundi lina wapagazi wengi kuliko wageni. Hupanda ukuta wa Barranco na mzigo kichwani, mkono mmoja ukishika jiwe, bila kamba. Kanuni imeweka mpaka wa kilo 20 kwa mzigo, na hiyo ni hatua njema. Lakini mpagazi amehesabiwa kwa kilo azichukuazo tangu siku za Meyer. Jiwe likianguka leo, yeye ndiye atakayekuwa kando ya aliyeumia, au ndiye atakayeumia, saa nyingi kabla ya kikosi kufika kutoka langoni. Akijua kufunga nanga, kumsitiri mgonjwa, na kutomsogeza ovyo, saa hizo zitakuwa za uhai.

Na hapa mwalimu wa lugha ana neno la kusema. Aghalabu ufundi huu hufundishwa kwa maneno ya kigeni, na watu hudhani Kiswahili hakina yake. Si kweli. Kiswahili kililelewa na watu wa kamba. Baharia wa Pangani alikuwa na nanga na amari yake. Alipandisha foromali kwa henza, akalishika tanga kwa demani, akapitisha kamba katika kapi lenye roda. Mwini Amani alikuwa na maneno hayo kwao kabla hajafika penye barafu. Kama shule ya mabaharia wa Wales iliweza kuwa shule ya wapanda milima, lugha ya mabaharia wa mrima yaweza kupanda mlima vile vile.

Lakini maneno hayatoshi kuokotwa tu; yapasa yapimwe. Nitatoa mifano miwili. Katika mazungumzo ya kila siku twasema "acha" kwa maana ya kusimamisha kitendo, na twasema "acha" kwa maana ya kuachilia kitu. Chumbani hakuna hasara. Juu ya genge, wavutaji sita wakiwa na kamba mikononi na machela ikining'inia, aliye chini akipiga kelele "Acha!", watatu wataacha kuvuta na watatu wataachilia kamba. Kadhalika "shika" na "shuka" hutengwa na sauti moja tu, na upepo wa Mawenzi hauhifadhi sauti moja. Kwa hiyo kikosi kinachofanya kazi kwa Kiswahili yafaa kilifukuze neno "acha" katika kamba zake, kiseme "simama" kwa kusimamisha, "kaza" kwa kuvuta na "legeza" kwa kuteremsha, na kila neno lirudiwe kwa sauti na wale walioamriwa kabla halijatendwa. Hili si pambo la lugha. Amri isiyofahamika ni fundo lililofungwa vibaya.

Basi tumeona kwamba kamba ilifika Kilimanjaro kama mali ya mgeni na chombo cha kupandia. Kwamba ajali za mwaka 1955, 1970 na 1978 zilionyesha, kila moja kwa gharama yake, kuwa yapasa iwe pia chombo cha kushushia. Na kwamba kidogo kidogo imeanza kupita katika mikono ya wenyeji. Safari hiyo haijaisha. Itakuwa imefika mwisho siku mpagazi wa Marangu au Machame atakapofundishwa fundo katika lugha anayoiota usingizini, na kulirudia mpaka alifunge gizani. Kwa hao walioko juu, waliovunjika na wanaosikia baridi, kungojwa chini hakufai. Na wafuatwe, na wafuatao wawe wamefundishwa.